Kipandauso na tiba ya sindano ya Kichina: waliofanyiwa na wanaofanya, nisaidieni

NyotaYaJioni

Habari zenu wakuu. Nina kipandauso tangu nikiwa msichana wa shule. Kinaanzia chini ya kisogo upande wa kulia, kinazunguka nyuma ya sikio, kinakuja kutua pembeni mwa jicho. Kikishatua hapo mwanga siutaki, harufu ya kitu kinachokaangwa inanitapisha, na siku nzima inaishia kitandani mapazia yakiwa yamefungwa.

Hospitali nimekwenda. Nimepigwa picha ya kichwa, macho yamepimwa, presha imepimwa, na daktari wa mishipa ya fahamu ameridhika kwamba ni kipandauso, si kitu kingine. Amenipa kidonge cha kila siku cha kuzuia. Mashambulizi yamepungua, sikatai, ila tangu nianze kukimeza vidole vinakufa ganzi na kuchonyota, soda imebadilika ladha, na maneno yananipotea katikati ya mazungumzo. Kazi yangu ni ya kuongea na watu, kwa hiyo hilo la mwisho linaniumiza kuliko kichwa chenyewe.

Daktari huyohuyo ndiye aliyeniambia nifikirie akupancha, yaani hiyo tiba ya sindano ya Kichina. Hakueleza zaidi, foleni ilikuwa ndefu. Sasa naomba mnieleze kwa uwazi: sindano zenyewe zikoje, zinaingia kina gani, zinauma kiasi gani? Nitajuaje kwamba hazijatumika kwa mtu mwingine? Kwa nini nasikia kichwa kikiuma wanachoma mguu? Na je, inafanya kazi kweli au ni imani tu? Sindano naziogopa tangu utoto, hata za chanjo. Nitashukuru zaidi kwa majibu ya waliofanyiwa au wanaofanya.

MkonoMwepesi

Dada NyotaYaJioni, pole sana. Mimi ndiyo kazi yangu. Nilianza kama muuguzi, kisha nikaenda Chengdu, mkoani Sichuan, kwenye chuo kikuu cha tiba ya jadi ya Kichina kilichoanzishwa mwaka 1956, nikasoma hadi nikaruhusiwa kumchoma mgonjwa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu watu wengi wanalala kwenye vitanda vyetu bila kuelezwa lolote, na mtu asiyeelezwa hukaa kimya hata pale ambapo angepaswa kupiga kelele.

Ziara ya kwanza ichukulie kuwa ni ya mazungumzo, sindano zinafuata baadaye. Utaulizwa mambo utakayoona hayahusiani na kichwa: unalala vipi, unaamka saa ngapi, choo kikoje, hedhi inakuja na maumivu au bila, unatoka jasho usiku, unapenda joto au ubaridi, hasira zinakupanda lini. Jibu yote. Kubwa kuliko yote kwa mgonjwa wa kichwa ni pale kinapouma. Kwetu mahali pa maumivu ndipo tunapoanzia kufikiri. Tiba yetu inauchora mwili kwa njia, yaani mistari inayotoka sehemu moja hadi nyingine, na kila njia ina jina la kiungo. Kichwa cha mbele, kwenye paji, tunakihusisha na njia ya Tumbo. Cha kisogoni na shingoni, njia ya Kibofu. Cha utosini, Ini. Cha pembeni, Nyongo. Majina hayo yasikutishe. Mtu akikuambia kichwa chako ni cha njia ya Nyongo hajasema nyongo yako inaumwa.

Wewe umekwisha kujieleza vizuri kuliko wengi. Njia ya Nyongo ina pointi 44, yaani mahali pa kuchomea. Inaanzia kona ya nje ya jicho, inazungukazunguka pembeni mwa kichwa na sikio, inashuka chini ya kisogo, inapita ubavuni, nje ya paja na mguu, hadi kidole cha nne cha mguu. Soma tena ulivyoeleza maumivu yako, utaona umeichora nusu yake ya juu bila kufundishwa. Ndiyo maana unasikia kichwa kikiuma wanachoma mguu: ncha nyingine ya njia hiyohiyo iko huko chini, na pointi za mbali ndizo tunazozitegemea hasa mtu akija maumivu yakiwa yamepamba moto, wakati kichwa chenyewe hakitaki kuguswa.

Ukimaliza kuulizwa, utaombwa utoe ulimi. Tunaangalia rangi yake, unene, utando ulio juu, kama una alama za meno pembeni. Kwa hiyo asubuhi ile usiukwangue, na usinywe kahawa au kitu chenye rangi kabla ya kuja. Kisha mapigo. Mtaalamu ataweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wako, kulia na kushoto, sehemu tatu zinazoitwa cun, guan na chi, na atakaa kimya kwa muda. Hapo na wewe nyamaza, kwa sababu anahisi, hahesabu tu.

Sasa sindano. Ya hospitali ina tundu ndani, maana dawa inapaswa kupita, na ncha yake imekatwa mshazari ili ipasue ngozi. Yetu ni waya wa chuma kisichoshika kutu, haina tundu, na unene wake kwa kawaida ni kama milimita 0.25. Inakuja ndani ya kijibomba cha plastiki. Kijibomba kinawekwa juu ya ngozi, kinagongwa kwa kidole, ncha inaingia kabla hujajua imeingia. Wengi wanaoogopa sindano kama wewe huniuliza "umeshaanza?" nikiwa tayari kwenye ya tatu. Ukitaka, mwambie mtaalamu akuonyeshe moja, uishike kabla hajakugusa. Atakayekataa ombi hilo usimpe mwili wako.

Kina kinategemea mahali. Kwenye paji la uso au sikio ni milimita chache tu. Kwenye tako, lenye nyama nyingi, inaweza kuzama sentimita kadhaa. Hakuna kipimo kimoja kwa watu wote, na hapa ndipo napenda sana tiba hii: kipimo chetu, cun, kinatoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe. Upana wa kidole gumba chako kwenye kiungo ni cun moja. Vidole vyako vinne vikibanwa pamoja ni cun tatu. Pointi maarufu kuliko zote, Zusanli, iko cun tatu chini ya goti upande wa nje, na hizo cun tatu ni za vidole vyako, si vyangu. Mtoto ana cun zake, mtu mrefu ana zake.

Kuhusu maumivu, tenganisha mambo mawili. Kuna mchomo wa ngozi, ambao ni kama kufinywa na unaisha papo hapo. Halafu, sindano ikishafika, kuna hisia tunayoitafuta kwa makusudi, inaitwa deqi. Wachina wana maneno yake: suan, uchovu wa msuli kama wa baada ya kazi nzito, ma, ganzi, zhang, kujaa na kutanuka, zhong, uzito. Wakati mwingine inatembea, unachomwa kwenye kigasha unahisi kidoleni. Hiyo ni sawa. Ambayo si sawa ni maumivu makali yanayounguza, au shoti inayokimbia na kubaki. Hapo sema palepale, usivumilie kwa heshima. Mwalimu wangu mmoja Chengdu alikuwa haendi kwenye pointi ya pili mpaka mgonjwa amwambie kwa maneno yake anahisi nini kwenye ya kwanza, na mwanafunzi aliyeruka hatua hiyo alitolewa chumbani.

Sindano zikishakaa unaachwa umelala dakika 20 hadi 30. Wengi husinzia. Usije na njaa, na usije umeshiba sana. Vaa nguo inayopanda hadi magotini na viwikoni bila taabu.

Kabla sijaenda mbele zaidi nina maswali kwako. Kidonge hicho kinaitwaje? Kuna dawa nyingine unayotumia, hasa ya kuzuia damu kuganda? Una kifaa chochote kifuani cha kuratibu mapigo ya moyo? Na samahani kwa kuuliza hadharani: una mimba, au unaitafuta?

MzeeWaKiuno

Binti yangu, mimi si mtaalamu, ni mgonjwa. Kiuno kilinikalisha chini miaka ile nikiwa bado kazini. Niliyoyaona ni haya. Sindano za kiunoni sikuzisikia kabisa. Ile ya nyuma ya goti, katikati ya mkunjo, hiyo niliisikia, mguu ukawa mzito kana kwamba si wangu, kisha uzito ule ukayeyuka. Siku ya kwanza sikuona mabadiliko ya maana zaidi ya usingizi mzito usiku ule. Nafuu ilikuja polepole, nikagundua tu kwamba nimefunga kamba za viatu bila kukaa. Mahali pamoja palibaki na doa la bluu kama wiki hivi, hakuna zaidi.

Nafanya mazoezi niliyopewa hospitali hadi leo. Sijui nimshukuru nani kati ya sindano na mazoezi, nadhani vyote viwili. Lakini bila ile nafuu ya mwanzo nisingeweza hata kuyaanza mazoezi.

Mdadisi_Huru

Mbona jibu liko wazi. China wanapasua watu matumbo kwa sindano tu bila nusu kaputi. Yule mwandishi wa Marekani alitolewa kidole tumbo hivyohivyo. Kama inaweza hilo, kipandauso ni kitu gani?

Mfamasia_Zamu

Dada NyotaYaJioni, nianze na kidonge chako kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Ganzi na kuchonyota vidoleni, soda kubadilika ladha, maneno kupotea: dalili hizo tatu kwa pamoja zinanifanya nidhani ni topirameti. Ni dawa nzuri kwa kipandauso, inatumika pia kwa kifafa. Ila inajulikana kumdhuru mtoto tumboni, na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu ukivitumia pamoja nayo. Swali la mwisho la MkonoMwepesi ni la maana sana kuliko linavyoonekana. Tafadhali lijibu, na usiache kidonge ghafla kwa uamuzi wako.

Kuhusu sindano zenyewe, mimi nina mashaka na nitayasema bila kumvunjia mtu heshima. Mwaka 2007 Wajerumani walichapisha utafiti mkubwa wa watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilichomwa sindano za Kichina zenyewe, kundi la pili lilichomwa juujuu mahali pasipo pointi yoyote, la tatu likapata dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 kwa sindano halisi, 44.2 kwa sindano za bandia, na 27.4 kwa matibabu ya kawaida. Tazameni hizo mbili za kwanza. Kama kuchoma popote kunafanya karibu sawa na kuchoma kwenye pointi, ramani yote ya njia na pointi inasimama juu ya nini? Qi, ile nguvu ya uhai inayosemwa kupita kwenye njia hizo, hakuna aliyewahi kuipima. Hata China yenyewe, mwaka 1822 Mfalme Daoguang aliifuta idara ya sindano kwenye taasisi ya kifalme ya tiba. Sisemi haisaidii. Nasema tusimwambie mgonjwa zaidi ya tunachokijua.

NyotaYaJioni

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Mfamasia, umepatia, ni topirameti. Na swali la MkonoMwepesi: ndiyo, mimi na mume wangu tumekubaliana mwaka huu tutafute mtoto. Daktari nilikuwa sijamwambia kwa sababu tulipoonana mara ya mwisho jambo lenyewe halikuwapo. Damu kuganda hapana, kifaa cha moyo hapana.

Sasa naogopa vitu viwili, kidonge na sindano. Nisaidieni nianze na kipi.

MkonoMwepesi

Anza na daktari wako, dada, kabla ya sindano na kabla ya jaribio lolote la kupata mtoto. Mwambie maneno hayohayo uliyoandika hapa. Yeye ndiye wa kukushusha kwenye topirameti kwa utaratibu na kukuambia muda gani upite kabla ya kushika mimba. Mfamasia amesema kweli tupu na namshukuru. Mtaalamu wa sindano atakayekuambia "tupa hivyo vidonge, njoo kwangu" mwache siku hiyohiyo, hata kama ana vyeti ukuta mzima.

Kwa upande wetu, mimba inabadilisha mengi. Kuna pointi ambazo mapokeo yetu yanakataza kwa mjamzito: Hegu, kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, Sanyinjiao, upande wa ndani wa mguu vidole vinne juu ya kifundo, na Jianjing, juu ya bega. Zimo pia za tumbo la chini na za kiuno kwa chini. Sasa angalia tabu yake: Hegu ni kati ya pointi za kwanza tunazozishika mtu akilalamika kichwa, na wengi huichoma kwa mazoea. Kwa hiyo kila ziara, kila moja, kabla hujalala kitandani sema tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Usingoje kuulizwa. Mjamzito anaweza kutibiwa kwa sindano, wapo wengi, ila mwenye kuchoma lazima ajue.

Mfamasia, nimesoma utafiti wako, nami nakubali namba zake. Ningeongeza namba za kipandauso, maana ndicho anachougua dada yetu. Cochrane, shirika linalojumlisha tafiti za tiba, walikusanya tafiti 22 zenye watu 4,985 mwaka 2016. Waliochomwa sindano, 41 katika kila 100 siku zao za kichwa zilipungua kwa nusu au zaidi, dhidi ya 17 katika 100 waliopata matibabu ya kawaida tu. Walipolinganisha na sindano za bandia ilikuwa 50 dhidi ya 41. Walipolinganisha na vidonge vya kuzuia, baada ya miezi mitatu ilikuwa 57 kwa sindano dhidi ya 46 kwa vidonge, na baada ya miezi sita 59 dhidi ya 54, huku madhara yakiwa machache upande wa sindano. Kwa hiyo tofauti kati ya halisi na bandia ipo, ni ndogo. Tofauti kati ya kuchomwa na kutochomwa ni kubwa. Mimi husema hivyo kwa wagonjwa wangu kama ilivyo. Sehemu ya nafuu inatoka kwenye pointi. Sehemu kubwa inatoka kwenye kuchomwa kwenyewe, kulala nusu saa kimya, na kusikilizwa na mtu mwenye muda. Sioni haya kuitoa sehemu hiyo ya pili. Mgonjwa wa kipandauso aliyezoea kuambiwa ni kichwa tu anastahili kuipata.

Na ramani ya njia nayo haikushuka ikiwa imekamilika. Kwenye makaburi ya Mawangdui huko Changsha, lile la mwaka 168 kabla ya Kristo, kulikutwa maandishi yanayotaja njia 11 za mwili na uchomaji wa moksa, jani linalofukizwa karibu na ngozi, wala sindano hazitajwi. Njia zikaja kuwa 12. Huangfu Mi, karne ya 3, aliandika kitabu chenye pointi 349. Leo wengi tunafundishwa 361. Watu walikuwa wanaongeza na kusahihisha kwa kuangalia wagonjwa. Naiheshimu ramani hiyo kwa sababu inanielekeza wapi pa kuanzia na, muhimu zaidi, wapi pasichomwe. Siilindi kama msahafu.

Mdadisi, habari hiyo imepinda njiani. Mwandishi ni James Reston wa New York Times, Beijing, Julai 1971. Alitolewa kidole tumbo kwa upasuaji wa kawaida, na ganzi aliyopata ilikuwa ya kuchomwa dawa kama hospitali yoyote. Sindano zilikuja baada ya upasuaji, tumbo lilipojaa gesi na kuuma. Walimchoma kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, wakamkaribishia tumboni moksa inayofuka, naye akaandika kwamba alipata nafuu. Ni habari nzuri jinsi ilivyo, haihitaji kuongezwa. Nakuomba sana usiisambaze ile nyingine, kwa sababu kuna mtu atakayeikataa nusu kaputi kwa kuiamini.

Sasa hatari, dada, maana uliuliza usafi. Sindano iwe ya kutumika mara moja. Pakiti ifunguliwe ukiona, na ikitoka mwilini mwako iende moja kwa moja kwenye chombo kigumu cha vitu vyenye ncha kali. Zamani sindano zilirudiwa, na homa ya ini aina ya B ilisambaa kwa njia hiyo mahali kwingi. Hakuna udhuru wa kurudia leo. Mwombe pia azihesabu akichoma na azihesabu akichomoa, kwa sauti. Ya kwenye nywele ndiyo husahaulika.

Jambo la pili ni mapafu. Wewe utachomwa shingo na mabega, hakuna namna, kwa sababu Fengchi, ile pointi ya kwenye vishimo chini ya kisogo, ndiyo moyo wa matibabu yako. Fengchi inaelekezwa kuelekea ncha ya pua na haizami sana, maana ndani yake kuna shina la ubongo. Jianjing ya begani, hata kama huna mimba, iko juu ya ncha ya pafu. Mwembamba akichomwa wima kwa kina hapo pafu linaweza kutobolewa, hewa ikajaa kifuani. Ni nadra, nalitaja kwa sababu dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa hata uwe umeshafika nyumbani. Ukibanwa kifua, ukapata kichomi ukivuta pumzi, au kikohozi kikavu baada ya kuchomwa mabega au mgongo wa juu, nenda hospitali na uwaambie ulichomwa wapi. Kwa mtu mwenye umbo dogo mimi huichoma Jianjing kwa kulaza sindano na kuinua msuli kwa vidole, au naiacha kabisa.

Kuna pia kuzimia. Hutokea zaidi ziara ya kwanza, kwa mwenye hofu au njaa. Omba ulale, usichomwe ukiwa umekaa. Ukisikia jasho la baridi, kichefuchefu au giza machoni, sema, sindano zitatolewa zote na itapita. Wewe unayeogopa, mwambie aanze na sindano chache tu za miguuni, shingo aiache hadi ziara ya pili. Mimi ndivyo ningefanya kwako: Zulinqi juu ya mguu nyuma ya kidole cha nne na cha tano, Taichong nyuma ya kidole gumba na cha pili, basi. Utarudi nyumbani ukiwa umeizoea hisia yenyewe, na hofu ikipungua shingo nayo inalegea.

Ukisikia kutajwa umeme, ni waya zinazobanwa kwenye sindano kupitisha mkondo mdogo. Mwenye kifaa cha moyo asikubali. Moksa ni jani la pakanga linalochomwa karibu na ngozi. Kwa kichwa cha kupigapiga chenye joto kama chako mimi siitumii.

NyotaYaJioni

Nimepata miadi ya daktari wiki ijayo, nitamweleza yote. Nina mawili ya mwisho. Nihudhurie kwa muda gani kabla ya kusema imefanya kazi au haikufanya? Na shambulizi likinikuta asubuhi ya siku ya sindano, niende au nilale?

Mfamasia_Zamu

La kwanza nikusaidie kidogo. Cochrane hao waliona kozi yenye faida ni ya ziara sita na kuendelea. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataja hadi ziara 10 ndani ya wiki tano hadi nane, kwa wale ambao topirameti na propranolo, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso, zimewashinda au haziwafai. Kwa mipango yenu ya mtoto, naona daktari wako alikuwa mbele yetu sote.

Na MkonoMwepesi, nimekuelewa. Tungekuwa na wachomaji wengi wanaotaja namba za bandia pamoja na za halisi, mimi nisingekuwa na neno.

MkonoMwepesi

Dada, kama Mfamasia alivyosema. Ziara ya kwanza na ya pili usiipe hukumu. Ukifika ya sita bila badiliko lolote, kaa na mtaalamu muongee wazi, abadilishe mpango au mkubaliane kuacha. Mtu anayekuahidi kupona kabisa, au anayetaka ulipie kozi ndefu yote kabla hajakugusa, huyo usianze naye.

Ili usidanganywe na kumbukumbu, anza leo daftari, kabla hata ya sindano ya kwanza. Tarehe, saa kichwa kilipoanza, upande, kilidumu muda gani, ulimeza nini na kiasi gani, siku ya ngapi ya hedhi. Tunatafuta siku za kichwa kwa mwezi. Nafuu ya kipandauso mara nyingi huanzia kwenye idadi ya siku, wakati ukali wa shambulizi moja bado ni uleule, na asiye na daftari huiona kuwa hakuna kitu.

Shambulizi likikukuta asubuhi ya sindano, likiwa ni lile lako la siku zote, meza dawa ya kutuliza mapema kama ulivyoelekezwa kisha mpigie mtaalamu. Ukiweza kusafiri bila kutapika njoo, umesindikizwa, tutachoma miguu na mikono tu. Usipoweza, lala, miadi itasogezwa.

Lakini likiwa si lile lako, usije kwangu. Maumivu yaliyolipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Mkono au mguu uliolegea upande mmoja, mdomo uliopinda, maneno yasiyotoka. Kichwa kilichokuja baada ya kuanguka. Na ukishashika mimba, kichwa kikali chenye kuona ukungu au nyota, au uso na mikono kuvimba. Hayo ni ya hospitali muda huohuo, na asiwepo mtu wa kukuchoma hata sindano moja kwanza.

Ukienda kwa daktari wiki ijayo mwombe akuandikie jina la kila dawa atakayokupa na kipimo chake, na karatasi hiyo umpe mtaalamu wa sindano kabla hajashika mkono wako kusikiliza mapigo.